Walinialika Kula, Wakataka Sahihi

Kaka yangu Nagarajan ni mtu wa kuuliza bei ya chai kabla hajakaa. Kwa hiyo aliponipigia simu na kusema Jumapili tumpeleke Baba kula bufe pale hoteli ya Thamarai kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, na kwamba mlipaji ni yeye, mwenye akili angejiuliza kulikoni. Mimi nilikwenda kupiga pasi sari yangu ya kijani.

Nilimshonea Baba shati jipya la rangi ya maziwa, lenye mfuko mpana wa kutosha miwani. Tangu Mama afariki tulikuwa wawili tu katika ile nyumba yetu ya Klang, hapa Malaysia. Mbele, barazani na katika chumba cha mbele, ndipo zilipo cherehani zangu na vitambaa vya wateja. Wanawake wa mtaa mzima hushonewa blauzi za sari kwangu, na hata waliohamia mbali hurudi kupimwa. Nyuma, karibu na jiko, ni chumba cha Baba. Ana kisukari. Kilishamla kidole kimoja cha mguu, na tangu hapo nikawa bawabu wa mdomo wake: sukari naifungia kabatini, wali napima kwa kikombe, sindano ya insulini namdunga mimi, maana macho yake hayazioni tena namba na mikono inamtetemeka. Hakuwahi kunishukuru, wala sikungoja shukrani. Ni baba yangu.

Thamarai ipo ghorofani, juu ya duka la mashada ya maua, na Jumapili mchana watu hupanga foleni mpaka kwenye ngazi. Nagarajan alishakamata meza karibu na dirisha. Alikuwa na mkewe, wifi Malar, amevaa dhahabu kana kwamba tumekwenda harusini, na ndugu yetu wa mwisho, Sasi, ambaye tayari alikuwa na sahani mbili mbele yake.

"Dada, wahi kondoo," Sasi aliniambia huku akitafuna. "Wakijaza tena wanaleta mifupa mitupu."

Nilimshika Baba mkono. "Tukae kwanza nikudunge, ndipo ule."

"Baadaye."

"Baba, sindano ni kabla ya chakula."

"Nimesema baadaye!" Akaninyang'anya mkono wake, akaelekea kwenye sinia zile za chuma zenye moto chini, mwendo wa haraka ambao sijawahi kuuona akienda kliniki.

Nilimfuata. Akachota wali mweupe, upawa baada ya upawa, mpaka ukawa kichuguu. Akachota kondoo, kuku wa kukaanga, viazi. Mboga za majani akazipita kama mtu anayempita mdai wake.

"Huo wali, Baba."

"Leo ni siku yangu."

"Siku yako haijui umekula nini. Damu yako ndiyo inajua."

Mtu aliyekuwa nyuma yetu akacheka. Baba hakucheka. Alibeba sahani yake kwa mikono miwili akarudi mezani, na wifi Malar akampokea kama bwana harusi. "Kaa hapa, Baba, karibu na feni. Kula, kula. Mwache, wifi Kogila, jamani. Mara moja tu haiui."

Ninaijua hiyo mara moja tu. Ndiyo iliyomla kidole. Lakini nilichukua dengu kidogo na biringanya, nikakaa. Nilijiambia ni siku yake, tusimharibie.

Baba alipoinuka kwenda kuchukua vitamu, Nagarajan alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, akaniegemea.

"Kogi, umechoka wewe."

"Nani kakwambia?"

"Macho tunayo. Mtu mmoja kumlea mzee, usiku na mchana, si kazi ndogo. Mimi na wifi yako tumekaa tukazungumza. Baba atakuja kwetu Shah Alam. Kuna chumba. Kuna wajukuu. Na ile nyumba, mteja ameshapatikana. Mtu mzuri, hana maneno mengi."

Sikuelewa mara moja. Nilisikia kila neno, ila yalikataa kukaa pamoja.

"Nyumba ipi?"

"Ah, Kogi. Kwani tuna ngapi?"

Sasi akasukuma kiti nyuma. "Naona wametoa bajia za moto. Nani anataka bajia?"

"Kaa chini, Sasi."

"Dada, zikipoa hazina—"

"Kaa chini!"

Alikaa. Nilihisi moto ukinipanda kutoka tumboni, na haukuwa wa pilipili. "Mimi nimo ndani ya nyumba hiyo," nilisema. "Kazi yangu imo. Vitambaa vya watu vimo, vimekatwa, sikukuu ya Diwali iko karibu. Mkaenda mkatafuta mteja, mkampitisha mlangoni kwangu bila shaka siku niliyokwenda sokoni, na leo ndiyo naambiwa, katikati ya dengu?"

"Ndiyo maana tumekuja mahali pazuri," alisema Malar. "Tuongee kwa utulivu."

Hapo nikaelewa kwa nini bufe. Nyumbani ningeweza kupiga kelele. Nyumbani wasingekuwa na pa kuinukia. Hapa, neno likiwa gumu, mmoja anakwenda kufuata achari, mwingine anafuata maji, na mimi nabaki nikiongea na sahani.

"Na Baba mmemwuliza?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na sikuirudisha. "Mnamhamisha mtu mzima kama kabati! Leo huku, kesho kule! Mzee wa watu kafanya kazi bandarini mpaka mgongo ukapinda ili apate pa kufia, ninyi mnampigia mnada huku anachota jalebi!"

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Kijiko kikaanguka mahali.

"Punguza sauti," Malar alininong'oneza. "Watu wanatutazama."

"Watazame! Si wamelipa wale mpaka washibe? Basi na haya washibe."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Mkono mmoja bakuli la tambi za maziwa, mkono mwingine sahani ya jalebi zinazodondoka shira. Niligeuka nikamshika kiuno ili asianguke, na machozi yalikuwa yamenijaa kwa ajili yake.

"Baba, umesikia wanayoyasema hawa?"

Alikaa polepole. Akaonja tambi. Akaonja tena.

"Mimi ndiye niliyewaambia," alisema.

Mezani hakuna aliyeinuka kufuata chochote.

"Ile nyumba imekuwa hospitali," aliendelea, akinitazama mimi, si wao. "Nikigusa hiki, Baba usiguse. Nikila kile, Baba tema. Asubuhi sindano, jioni sindano, katikati maneno. Mama yako hakuwahi kunifungia sukari kabatini."

"Mama hakuifungia kwa sababu ulikuwa na vidole vyote."

Yalinitoka. Siyajutii mpaka leo. Wifi Malar alijiziba mdomo, na Baba aliweka kijiko chini.

"Umeona?" alimwambia Nagarajan. "Umeona ulimi wake? Ndio ninaoishi nao."

"Na mimi nikaishi wapi, Baba?"

"Wewe una kazi mikononi. Cherehani inakaa popote." Akafuta ndevu zake. "Siku yangu ya kufa ikifika, atakayewasha moto wa kunichoma ni Naga, mwanangu wa kiume wa kwanza. Siyo wewe. Basi acha nikae kwa huyo atakayenichoma, wakati pua yangu bado inasikia harufu ya chakula."

Nimemwogesha mtu huyu. Nimemkata kucha za vidole vilivyobaki nikiwa nimepiga magoti, tochi mdomoni, nikiogopa kumchubua. Posa mbili nilizikataa ili asibaki peke yake na Mama mgonjwa, na baadaye ili asibaki peke yake kabisa. Na kumbe kwake nilikuwa askari jela.

Nilitaka kusema hayo yote. Nilishindwa, kwa sababu Nagarajan alikuwa ameshatoa bahasha kwenye mkoba wa mkewe na kalamu iko juu yake.

"Ni jambo dogo tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mbuzi. "Nusu ya nyumba ilikuwa ya Mama, kwa hiyo wanasheria wanataka sisi watoto wote tutie sahihi. Hapa, na hapa."

Nilitazama. Jina la Nagarajan lilikuwa na sahihi. Jina la Sasi lilikuwa na sahihi.

"Sasi. Umeshatia?"

Sasi alikuwa akiikunja karatasi ya kufutia mikono, anaikunja na kuikunjua. "Nilidhani unajua, dada."

"Ulidhani."

"Kaka alisema atakwambia."

"Basi ameniambia." Nikaisukuma bahasha mpaka ikagusa sahani ya Nagarajan yenye mchuzi. "Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya nani hii? Mlinialika kula, kumbe mnataka jina langu. Hamlipati."

"Usiwe mtoto, Kogi."

"Mtoto ni huyo anayejificha nyuma ya bajia. Mimi ni mwenye nyumba. Nusu ya Mama ina fungu langu, umesema mwenyewe, na mimi fungu langu siliuzi."

"Unamzuia Baba kupumzika!" Sasa na yeye alipaza sauti, na mwenye hoteli akaanza kuja kutoka kwenye kaunta yake akiwa na tabasamu la wasiwasi. "Unang'ang'ania kuta!"

"Baba aende anakotaka. Nimemfunga kamba? Aende leo hii. Kuta zinabaki."

Nikafungua mkoba wangu nikatoa kifuko cha baridi chenye insulini. Nikakiweka mbele ya wifi Malar, juu kabisa ya jani la mgomba lililokuwa limetandikwa chini ya sahani yake.

"Mdunge."

"Mimi?" Alirudi nyuma mpaka dhahabu zikalia. "Wifi, mimi naogopa sindano. Hata ya kushonea."

"Umemchukua mzee. Mzee anakuja na sindano yake."

"Tutatafuta nesi," alisema Nagarajan.

"Nesi yuko wapi sasa hivi? Amekula wali wa watu watatu na jalebi juu. Sukari imeshampanda, haingoji ninyi mtangaze kazi."

Baba alinyoosha mkono. "Lete. Nitajidunga mwenyewe."

Alikitwaa kifaa cha kudungia, akakisogeza karibu na miwani, akakipeleka mbali. Vidole vilitetemeka. Alikizungusha huku na kule kama mtu anayetafuta mlango gizani, na watu wa meza zile wote wakawa wanatazama vyakula vyao. Ningeweza kuondoka. Ndivyo hasira ilivyokuwa ikiniambia, na hasira yangu haikuwa mjinga. Lakini nilikipokonya mkononi mwake, nikaseti namba, nikainua lile shati nililolishona mwenyewe.

"Tazama, wifi. Fungua macho. Unabana ngozi hivi. Siyo hapa, jana ilikuwa hapa. Unachoma, unahesabu taratibu, ndipo unatoa. Umeona?"

Malar alitikisa kichwa kwamba ameona. Alikuwa analia. Baba alitazama dirishani muda wote, taya limekaza, hata nilipomshusha shati. Nilinawa mikono pale kwenye beseni la ukutani, nikamwambia mwenye hoteli kwamba biringanya zake ni nzuri, maana hakuwa na kosa, nikashuka ngazi nikiwapita watu wa foleni. Jua lilikuwa kali. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, sari ikinigandia mgongoni, nikiongea peke yangu kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Baba hakurudi jioni ile. Nagarajan alikuja siku ya pili kufuata nguo za mzee. Nilikuwa nimeshazifungasha, zikamngoja getini. Shangazi zetu walinipigia simu kwa zamu. Mtoto wa kike gani anamkatalia babaye? Mtoto wa kike gani anang'ang'ania mali? Niliwajibu wale wa kwanza. Waliofuata niliwaacha waongee huku nikikanyaga cherehani, na kelele zake ziliwafupisha. Sasi alikuja mara moja na kilo ya maembe, akasema samahani akiyatazama maembe. Nilimwambia ayaweke jikoni.

Nyumba haikuuzwa. Mteja yule asiye na maneno mengi alitafuta pengine.

Diwali ilipita. Nilishona mpaka macho yakaniuma, na nyumba usiku ilikuwa kimya, kimya ambacho sikukipenda na sikutaka mtu ajue. Ndipo nikakipangisha chumba cha nyuma kwa binti mmoja, Jothi, anayejifunza unesi. Anakula kama siafu na anaimba bafuni.

Habari zina miguu. Haikupita wiki, simu ikalia, na hakuwa Nagarajan.

"Nimesikia umemweka mtu chumbani kwangu." Sauti yake ilikuwa imekonda, lakini hasira ilikuwa ileile. Nimeirithi kwake, wala sina pengine pa kuitoa.

"Kilikuwa kitupu."

"Kitanda changu!"

"Kitanda kina mtu, Baba."

Alihema. Nyuma yake runinga ilikuwa ikipiga kelele, na mtoto akilia, na Malar akiita jina la mtu. "Huyu mke wa Naga," alisema, "anachoma palepale kila siku. Tumbo limevimba."

"Mwambie abadilishe upande. Nilimwonyesha."

"Nimemwambia. Anatetemeka kuliko mimi." Nilijua anakotaka kufika, na nilijua hatafika kwa kuomba. Hajawahi kuomba kitu maishani mwake. "Na nikitaka kurudi?"

Nilikuwa na blauzi ya mtu mikononi, nyekundu, shingo haijakatwa. Mkasi ulikuwa wazi.

"Chumba cha mbele kitakutosha," nilisema. "Nitasogeza vitambaa. Lakini utabisha hodi kama watu wengine, na kabati litabaki limefungwa."

"Una ulimi mbaya, Kogila."

"Ndiyo, Baba."

Alikata simu. Nikaukata ule mduara wa shingo kwa hasira, kisha nikainuka kwenda kusogeza vitambaa.