Maji ya Kukandikia Msikiti wa Djenné

Assitan Diarra alipanga safari kama alivyopanga jiko la shule alikofanya kazi: kwa saa. Ijumaa yeye na mama yake watoke Ségou, wafike Djenné. Jumamosi alfajiri watazame msikiti wa udongo ukikandikwa upya, kama kila mwaka, wakiwa juu ya paa la nyumba ya wageni, viti viwili vimeshawekwa. Mchana nyumba za kale, jioni basi.

Mama yake, Nana Kadidia, alizaliwa Djenné, akaolewa mbali, na tangu harusi hakurudi. Alipoambiwa mpango wote alijibu neno moja tu: "Mimi nataka kubeba maji." Kazi hiyo ya kubebea mafundi maji ni ya wanawake wa mji. Assitan alicheka. Kwa magoti yale?

Walipofika, fundi Bamoye Traoré alikuwa kando ya shimo la tope la kukandikia, akilivuruga kwa mguu.

"Kesho hakuna kitu," alisema.

"Hakuna vipi? Niliambiwa Jumamosi!"

"Uliambiwa na nani, na tope? Halijaiva hili. Tukilipaka litapasuka." Assitan alipojitaja jina, uso wa fundi ulikunjuka, maana ukoo wa Traoré na wa Diarra ni watani tangu enzi, wa kuitana walafi wa maharage. "Aa, Diarra! Rudi kwenye maharage yako, shemeji. Ukishiba utatulia."

"Traoré anifundishe kutulia! Ukoo wako ndio uliomaliza maharage ya nchi hii. Sema, ni lini?"

"Likiiva."

Jumamosi Assitan alizunguka mji peke yake. Mama yake alikataa kutoka. Alikaa kwenye mkeka kwa binamu yake, akinywa chai na kuuliza nani kafa, nani kaoa.

Jioni basi likapiga honi.

"Mama, twende."

"Panda."

"Na wewe?"

"Sikuja kuangalia, Assitan. Wewe ukienda mahali unataka kuona kila kitu. Mimi nina kitu kimoja, na kwa umri huu mwakani sijui."

Assitan alimpungia dereva aende zake. Akampigia simu mkuu wa shule. "Jumatatu siji. Sababu ni tope. Ndiyo, tope." Akakata kabla hajaulizwa zaidi.

Jumapili, kabla jua halijachomoza, ngoma zilimwamsha: tope limeiva. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Alipanda mbio juu ya paa la nyumba ya wageni, huku akilaumu, na alipofika juu lawama zilimwishia mdomoni.

Mji mzima ulikuwa unakimbia. Vijana wa mtaa huu na wa ule walishindana na vikapu vya tope kichwani, weusi kwa udongo toka nywele hadi vidole, wakipiga kelele. Mafundi walikuwa wameshapanda kwenye boriti zilizochomoza ukutani, juu kabisa, wakipaka kwa viganja. Ukuta mkavu wa kijivu ukageuka mweusi, ukang'aa, kana kwamba msikiti ulikuwa unazaliwa pale pale mbele ya macho yake. Alikuwa ameuona kwenye picha mara nyingi. Picha hazikumwambia kuwa ulikuwa mkubwa hivi, wala kuwa ulikuwa mikono ya watu tu, juu ya mikono ya baba zao. Hakukumbuka kukaa kwenye vile viti viwili.

Ndipo akaona msururu wa wanawake wakitoka mtoni na ndoo. Katikati, akichechemea, ndoo kichwani, mama yake.

Assitan alishuka ngazi mbili mbili.

"Mama! Nipe hiyo!"

"Chukua yako. Ndoo zipo kule."

"Utaanguka!"

"Basi nifuate, nikianguka uniokote. Usinizibie njia."

Akachukua ndoo iliyojaa, akamfuata. Maji yalimmwagikia shingoni, yakaloanisha gauni lake jipya. Kwenye shimo, Nana Kadidia aliinamisha kichwa, akamwaga. Maji yakazama kwenye tope bila sauti, na kijana mmoja papo hapo akalichota kikapuni akakimbia nalo.

Mama aliinua macho, akalifuata lile tope likipanda mkono kwa mkono, hadi fundi wa juu alipolipaka ukutani. Assitan naye alisimama pembeni yake, ndoo bado kichwani, shingo imepinda, anatazama.

"Mwaga, mwanangu," mama alisema taratibu. "Wanasubiri."