Gauni la Mama Chini ya Babu

Jumapili ile asubuhi mama alinikabidhi nyumba kama mkuu wa wilaya anavyokabidhiwa ofisi. Vyombo, maharage, kudeki, na juu ya yote gauni lake jeupe la kwaya, ambalo lilikuwa bado na unyevu. Umeme ulikuwa umekatika.

"Washa pasi ya mkaa, Leticia," alisema. "Na usiniletee mambo yako ya bweni."

Mama ameimba mstari wa nyuma tangu sijazaliwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, angesimama mbele kuongoza wimbo. Asiye na sare haimbi. Mwalimu wa kwaya hana msamaha katika hilo.

Lakini kupepea mkaa na kusubiri ukolee, wakati maharage nayo yanadai moto huohuo? Bwenini tuna akili zaidi. Nguo yenye unyevu hukunjwa kwa heshima, huwekwa chini ya godoro, kisha hutafutwa mtu mzito wa kukaa juu. Ukimaliza kazi nyingine, nguo imejinyoosha yenyewe. Nikalilaza gauni chini ya godoro la chumba cha wageni, nikaenda kuosha vyombo nikijiona mshauri wa uchumi wa taifa.

Mama akiwa bafuni, akaingia babu Polikarp kutoka Peramiho. Ndiye baba wa baba yangu, na alikuja kumsikiliza mkwewe akiimba. Safari ilikuwa imemchosha. Nilimwamkia, nikapokea mkoba wake, na kabla sijafikiri vizuri akawa ameshafunga mlango na kujinyoosha kwenye kitanda cha wageni. Mtu mzito nilikuwa nimempata.

Mama akatoka bafuni. "Gauni liko wapi?"

"Linanyooka."

"Linanyookea wapi?"

Nikaonyesha mlango. Mkoromo wa babu ukamalizia maelezo.

Mama akashika ukuta. Kwetu mke haingii chumba alicholala baba mkwe, wala hamgongei mlango kumwamsha. Baba alikuwa ameshatangulia kanisani. Nje, gari la kwaya likapiga honi.

"Ingia wewe," alinong'ona. "Likichanika, shule hurudi. Utabaki hapa ukipiga pasi nguo za Songea nzima."

Mimi naruhusiwa, maana babu na mjukuu ni watani. Nikaingia kwa magoti, nikapenyeza mkono chini ya godoro, nikavuta taratibu. Kola ikaja, kisha gauni likakwama. Nikavuta tena. Uzi mmoja ukakatika, nikausikia. Mkoromo nao ukakatika.

"Mke wangu," babu alisema bila kufumbua macho, "nimelala kidogo tu, umeshaanza kuniibia?"

"Nageuza godoro, mume wangu. Wazee wakilalia upande mmoja wanaganda kama ugali wa jana."

"Mwongo wewe. Unataka nini?"

"Inuka kidogo. Usipoinuka, uliyekuja kumsikiliza haimbi."

Honi ikalia tena. Babu akafumbua jicho moja, akanitazama kwa muda ulionitosha kutubu, kisha akainuka huku akishika kiuno.

Nikalichomoa. Mbele, gauni lilikuwa limenyooka kuliko kwa pasi yoyote. Nikaligeuza nyuma. Vitanda vya bwenini vina ubao mzima chini ya godoro. Cha nyumbani kina chaga zilizoachana, na babu alikuwa amezichapa zote mgongoni mwa gauni, mistari kama ya daftari.

Mama aliligeuza mara mbili, akalivaa, akakimbilia gari. Heri angenigombeza.

Kanisani nilikaa na babu. Mama alisimama mbele, sauti ikatoka safi. Kisha nikakumbuka kiitikio: hapo kwaya nzima huzunguka taratibu na kuonyesha migongo.

Kiitikio kikafika. Wenzake wakaanza kuzunguka. Mama hakuzunguka. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, macho kwetu, akiimba kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Dada wa pembeni yake akasita katikati ya mzunguko, akamtazama, akarudi mbele. Mwingine akamfuata, mpaka mstari wote. Mwalimu wa kwaya alikunja uso. Alipoona watu wanapiga makofi, akatikisa kichwa kukubali, kama aliyewafundisha yeye.

Wimbo ulipokwisha, mama alipaswa kurudi kwenye nafasi yake. Akageuka. Vigelegele vilikuwa vingi, na waumini wengi wenye adabu walitazama altare.

Babu hakutazama altare. Akaniinamia.

"Mke wangu, kumbe zile chaga hazikuniumiza mgongo peke yangu."

Kule kwenye kwaya, mama alikuwa ananitazama. Alikuwa hacheki.