Springi ya Nyuma

Mimi sinunui mnyama kabla ya kumwona akitembea. Ng'ombe yeyote akisimama sokoni anapendeza. Mtembeze hatua kumi ndipo utajua kama ana kwato mbovu. Kwa hiyo binti yangu Jerop aliponiambia anakwenda mjini Eldoret kuchagua baiskeli ya mlima, nilimwambia anisubiri nivae viatu. Katika ukoo wetu hakuna mtoto aliyewahi kwenda peke yake kununua kitu cha kutembea.

"Baba, baiskeli haina meno ya kuangaliwa," alisema.

"Iko nayo," nikamjibu. "Si pale mnyororo unapita?"

Jina langu ni Bethwel. Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Kapseret, ndege zikipita juu ya zizi kwenda kutua, na ng'ombe wamezizoea kuliko mimi. Mama yake Jerop alitutoka miaka minne iliyopita. Watoto wakubwa wameshika njia zao. Tumebaki wawili, mimi na Jerop, pamoja na ng'ombe sita, na mmoja wa hao sita ni Chelel, mwenye kichwa kigumu ajabu. Nikimkamua mimi, anapiga ndoo teke na kubana maziwa. Akimkamua Jerop, anayashusha yote huku amefumba macho. Nimemuuliza Jerop siri yake mara nyingi. Hucheka tu, akasema hayo ni ya wanawake wenyewe.

Jerop hakimbii. Huku kwetu hilo ni jambo la kuelezea wageni, maana watu hudhani tunazaliwa tukiwa na viatu vya mbio. Shuleni alijaribu, akawa wa mwisho, mwalimu akampa kazi ya kushika chupa za maji. Lakini mpe baiskeli! Ile Black Mamba yangu ya kupelekea maziwa aliipandisha mlimani akiwapita watu wa boda boda, na abiria wao wakageuka kumpigia makofi. Akaanza kuazima baiskeli za watu na kushinda mbio za hapa na pale. Ndipo kocha mmoja, Wanyama, akatangaza majaribio ya Jumamosi. Kulikuwa na nafasi moja ya msichana katika kambi ya timu huko Nyeri. Atakayeshinda angeondoka Jumatatu, na kambi ni ya mwaka mzima.

Mwaka mzima! Niliposikia hivyo chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka Jerop akanipiga mgongo, akidhani ni tangawizi.

Sikumkataza. Mtu asije akasema Bethwel alimzuia mtoto. Niliuza mtamba mmoja mzuri ili apate baiskeli yake mwenyewe, na majirani wakanisifu, nami nikazipokea sifa zote bila haya. Kilichokuwa moyoni hawakukiona.

Duka tuliloingia ni la Nasteha, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi ambaye huuza baiskeli za mitumba. Watu wake walitoka Wajir na walikuwa wafugaji wa ngamia, kwa hiyo mimi naye huelewana.

"Mzee, karibu!" aliita. "Leo umeleta mnunuzi, ama umeniletea msichana wa kuniozea kijana wangu?"

"Kijana wako ako na ng'ombe wangapi?"

"Ako na baiskeli arubaini."

"Basi aendelee kungoja."

Akatutolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyembamba, na Jerop aliishika usukani kama tayari ni yake.

"Hii ni hardtail," akanieleza. "Iko na springi mbele peke yake, huku nyuma ni chuma tu. Ni nyepesi, na ukikanyaga, nguvu yako yote inaenda kwa tairi. Ya kupanda mlima ni hii."

"Hardtail ni nini kwa Kiswahili?"

"Mkia mgumu."

Niliizunguka mara mbili. Kwa miaka arobaini nimekagua kwato, chuchu, pembe na meno, lakini sijawahi kumchukua ng'ombe kwa ajili ya ugumu wa mkia.

Ya pili ilikuwa ya kijani, full suspension, yenye springi mbele na nyingine nyuma, pale chini ya kiti. Nilipoikalia ilishuka taratibu ikanipokea, nikahisi hata mgongo wangu unashukuru.

"Sisi kwa ngamia tunaangalia nundu," Nasteha akasema. "Hiyo springi ya nyuma ndiyo nundu yake. Njaa haitamuua."

"Lakini kwa mlima inacheza-cheza," Jerop akalalamika. "Ukikanyaga inazama kwanza, ndio iende. Inakula nguvu yako bure."

Sasa niseme ukweli. Nilizinyanyua zote mbili, moja baada ya nyingine. Nyekundu ilipanda mkononi kama kuku. Ile ya kijani iling'ang'ania ardhi. Nilijua palepale ni ipi itakayoshinda mlima, na palepale nikaamua kununua ile nyingine.

Nilifanya hivyo kwa ufundi. Nilikuwa nimebeba chupa mbili za maziwa, maana siingii mjini bila maziwa ya kumpa mtu. Niliifunga moja nyuma ya baiskeli nyekundu, nikamwambia Jerop azunguke ile barabara yenye mashimo. Aliporudi, maziwa yalikuwa na povu hadi mdomoni. Nikaifunga chupa nyingine kwenye ile ya kijani. Maziwa yalirudi yametulia kama yaliyolala. Watu waliokuwa wamejikusanya mlangoni wakashangilia, mmoja akasema hata yeye angechukua ya kijani.

"Baba," Jerop akasema polepole, "hawa watu hawashindanishi maziwa."

"Mgongo wako ndio maziwa yangu," nikasema, na nilisema kwa sauti nzuri sana, mpaka Nasteha akaguswa. Jerop aliinamisha kichwa. Mtamba alikuwa wangu, na mtoto hachagulii mzazi mfuko. Akakubali.

Alipotoka kwenda kumtafuta fundi wa kujaza upepo, Nasteha alinivuta kando, akapiga magoti, akanionyesha kijiti kidogo cha buluu kilichojificha chini ya bomba la fremu, pembeni mwa ile springi ya nyuma. Ulipaswa kuinama sana ili ukione.

"Mzee, ukifika mlima unageuza hiki. Springi inafungwa, inakuwa ngumu kama ile nyekundu. Ukianza kushuka, unafungua. Mwambie, asisahau."

"Nitamwambia," nikasema.

Kwetu ng'ombe huuzwa pamoja na siri yake. Unapompa mtu kamba, unamwambia jina la ng'ombe, titi la kuanzia, na kile anachoogopa. Usipomwambia umemwibia, hata kama umempa ng'ombe bure. Baba yangu alinifunza hilo kabla sijajua kuvaa suruali vizuri. Jioni ile nilimkabidhi Jerop baiskeli mbele ya zizi, nikaibariki, nikaisifu, lakini siri yake nikabaki nayo. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nilijiona mdogo kuliko sisimizi, lakini sikufungua mdomo.

Ikafika Jumamosi. Mbio zilikuwa za mizunguko mitatu msituni, kila mzunguko ukiwa na mlima mmoja mrefu wa udongo mwekundu na mteremko mmoja wa mawe na mizizi. Nilisimama kwenye kona katikati ya mlima, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mkononi. Cha kusherehekea au cha kufariji, hata mimi nisingeweza kusema.

Mzunguko wa kwanza wasichana wanane walipita. Jerop alikuwa wa sita. Kila alipokanyaga, baiskeli ilizama na kuinuka, kuzama na kuinuka, kama mtu anayepanda mgongo wa ndama. Wenzake walikuwa juu ya mikia yao migumu, wakipanda kimya kimya.

"Huyo wa kijani amekaa kwa sofa," kijana mmoja alisema, na watu wakacheka.

Nilitaka kumchapa na kibuyu. Halafu nikakumbuka nani aliyenunua hilo sofa.

Kwenye mteremko mambo yaligeuka. Wale wengine walirushwa na mawe, wakashika breki mpaka vidole vikafa ganzi, naye Jerop akashuka kana kwamba amemwagwa. Alifika chini akiwa wa tatu. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukajikumbuka ukakaa chini. Mlima ulipoanza tena, walimpita mmoja baada ya mwingine, akarudi wa sita. Alipokaribia kona yangu niliona anauma mdomo wa chini. Mama yake alikuwa akiuma hivyo hivyo siku zile za mwisho, asinisumbue kwa kulia.

Hakuniangalia. Wala hakunilaumu. Alikuwa anajilaumu mwenyewe, miguu yake mwenyewe, kama alivyofanya shuleni akiwa na zile chupa za maji. Nilimwona akiamini kuwa yeye ndiye mbovu, kumbe mbovu alikuwa amesimama kwenye kona na kibuyu.

Wahenga husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nilikuwa nimeigeuza methali kichwa chini: nilikuwa nimemtwika mtoto upweke wangu, kisha nikampeleka mlimani.

Alishuka tena kwa kasi ile ile, akarudi wa tatu. Ulipoanza mzunguko wa mwisho sikungoja afike kwenye kona. Nilishuka mbio kumlaki, mimi Bethwel mwenye magoti ya miaka sitini na tatu, mursik ikimwagika kwenye shati.

"Jerop! Chini ya bomba! Kuna kijiti!"

"Baba, toka kwa njia!"

"Cha buluu! Karibu na springi ya nyuma! Geuza!"

Nikageuka, nikakimbia kando yake kupanda mlima. Watu wakaanza kunishangilia mimi. Jerop aliteremsha mkono, akapapasa, akakosa, nusura aanguke. "Nyuma kidogo!" nikapiga kelele. Akapapasa tena. Nikasikia tiki.

Baiskeli ikatulia. Kule kuzama na kuinuka kukaisha kabisa, na hatua iliyofuata aliyokanyaga ilimtoa kando yangu kama mtu aliyekatiwa kamba.

"Na ukifika juu ufungue!" nikapaza sauti, kisha magoti yakakataa, nikakaa kwenye majani na kibuyu kitupu. Nililia. Sijui kwa nini watu husema ni vumbi. Nililia.

Aliwapita wote kabla ya kilele. Kwenye mteremko hakuna aliyemwona tena mpaka mwisho.

Kocha Wanyama alinishika mkono, akaniuliza ni nani aliyemchagulia baiskeli hiyo. "Inapanda kama hardtail na inashuka kama maji. Mzee, uko na macho." Jerop alikuwa amesimama hapo, uso umejaa udongo, akiniangalia bila kupepesa.

"Baba, ulijua lini kuhusu hicho kijiti?"

Ningeweza kusema nimekumbuka tu ghafla. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye majani yale.

"Siku ile ile, dukani."

Hakusema nami njiani kurudi, wala siku nzima ya Jumapili. Alifunga begi lake kimya, akanipakulia chakula kimya, na kila sahani aliyoiweka mezani niliisikia masikioni kama kofi. Nilistahili. Nilimwomba msamaha mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeshika ufagio, sijui nilitaka kufagia nini.

Jumatatu asubuhi, begi likiwa mlangoni, aliniita zizini. Alikuwa amekaa karibu na Chelel, ndoo katikati ya magoti. Akainuka, akanielekeza kwenye kile kigoda.

"Kaa hapa, Baba. Huyu unaanza na titi la nyuma upande wa kulia. Anaogopa ndoo ya bati, tumia ya plastiki. Na hashushi maziwa mpaka apewe habari."

"Habari gani?"

"Za nyumbani. Mama ndiye alimzoesha. Mimi huwa namwambia habari zako. Kama umekula, kama umekasirika, kama umeimba kwa bafu." Akafuta mkono kwenye sketi yake. "Sasa wewe utampatia zangu. Nitakuwa nakupigia simu jioni, ndio upate za kusema."

Akanikumbatia, akachukua begi na baiskeli yake, akaenda.

Nilibaki nimekaa na ile ndoo ya plastiki, Chelel akinitazama kwa jicho moja, mguu wa nyuma ukiwa tayari. Nikashika titi la nyuma upande wa kulia. Nikakohoa.

"Chelel," nikasema, "Jerop ameenda Nyeri. Alikuwa wa kwanza."

Akashusha mguu. Kisha akashusha maziwa.