Moshi wa Sala

Hewa iliyoingia kwenye mashine ya Nunzia Capuozzo ilikuwa chafu. Iliyotoka ilikuwa chafu zaidi.

Ndivyo vilivyosema vipimo, na kipimo hakina haya. Mwanzoni mwa Mei, kipima hewa kilichowekwa kwenye mdomo wa handaki, baada ya mashine, kilionyesha masizi yamepungua kwa asilimia hamsini na tano. Watu wakapongezana. Wiki iliyofuata ikawa thelathini, iliyofuata tena ikawa tisa. Na Jumatano hii, siku mbili tu kabla mkaguzi hajashuka kutoka Milano, kilionyesha kwamba hewa inayotoka nje ina masizi mengi kuliko ile ya katikati ya handaki, kule malori yanakopanda yakinguruma na pikipiki za Napoli zinakopita kana kwamba breki ni dhambi. Yaani mtu aingie kuoga, atoke na tope!

Nunzia alikuwa injinia wa miaka thelathini na sita, mtoto wa Napoli hiyohiyo, na miaka minne ya maisha yake ilikuwa imo ndani ya mabamba yale ya chuma yenye umeme wa kunasa masizi. Wakazi wa mtaa ulio juu ya handaki walishaibatiza mashine jina: Mappina, kitambaa cha kufutia vyombo. Waliipenda hata kabla haijawafanyia lolote, kwa sababu hapo mtaani shuka nyeupe ilianikwa asubuhi na kuanuliwa jioni ikiwa ya kijivu. Sasa mkaguzi akiziona namba hizi Ijumaa, Mappina itapakiwa kwenye lori ipelekwe mji mmoja wa kaskazini ulioitamani siku nyingi. Mtaa utabaki na moshi wake, na Nunzia atabaki na aibu.

"Injinia, nimeifungua mara tatu," alisema Gegè, fundi umeme wake, akijipangusa mikono. "Mabamba yamejaa masizi hadi pomoni. Mashine inavuta kuliko marehemu babu yangu na sigara zake. Ni nzima kabisa."

"Nzima, halafu inatoa uchafu?"

"Labda kuna mtu katutupia jicho."

"Gegè, nikisikia tena habari za jicho, nitakutupia spana."

"Basi. Mimi nasema tu."

Kipima hewa nacho walishakikagua kwa macho, maana kukigusa hawakuruhusiwa. Vipima viwili vya kwanza, vilivyofungwa kwenye nguzo, viliibwa ndani ya wiki moja. Ndipo Gegè alipopata akili ya kukiweka cha tatu ndani ya shubaka la Mama Maria, lile lililochimbwa ukutani kwenye mdomo wa handaki, nyuma ya maua. Mwizi wa Napoli anaweza kukuibia soksi ukiwa umevaa viatu, lakini Mama Maria hamwibii. Nunzia alicheka, akakubali, akatia sahihi. Ofisi ya mkaguzi ikaleta lakiri, kikafungwa kisiguswe hadi siku ya mwisho ya jaribio.

Alitoka nje kupunga upepo, kama huo uliokuwepo unaweza kuitwa upepo. Penye shubaka alimkuta Bi Rafilina, mjane wa miaka sabini na minane, mwenye ufunguo wa kile kijimlango cha kioo na mwenye kauli ya mwisho juu ya kila jambo linalomhusu Mama Maria wa pale.

"Mbona umenuna, mwanangu?"

"Mambo mabaya, Bi Rafilina. Kila siku afadhali ya jana."

"Najua. Gegè hunipa habari zote." Bibi akachomoa mshumaa mfukoni mwa aproni. "Ndiyo maana naongeza."

"Unaongeza nini?"

"Mishumaa, nini tena! Mlipoanza ilikuwa mitatu, ile ya siku zote. Gegè akasema namba zimeharibika, nikaongeza kumi. Zikaharibika tena, nikamwita Titina na wenzake wa ghorofa ya tatu, kila mmoja akaja na wake. Leo tumefika arobaini na mbili. Ulidhani tutakuacha upambane peke yako?"

Nunzia akageuza shingo polepole. Ndimi arobaini na mbili za moto zilikuwa zikicheza ndani ya shubaka, kila mmoja na uzi wake mweusi wa moshi, na nyuzi zote zilipanda zikakusanyika juu, pale ambapo kipima hewa kilikuwa kikizivuta kwa bidii, tena kwa uaminifu mkubwa.

Mgeni angeliona jambo hili siku ya kwanza. Yeye amezaliwa katika mji ambao kila ukuta una shubaka na kila shubaka lina mishumaa, na kitu alichokiona mtu tangu ananyonya huwa hakioni tena. Isitoshe, Mei ni mwezi wa Mama Maria. Nani anahesabu mishumaa mwezi wa Mei? Kikulacho ki nguoni mwako. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na Bi Rafilina akaingiwa na wasiwasi akamtafutia maji.

Kicheko kilikatika alipompigia simu mkaguzi, Daktari Ottavio Brambati, akamweleza ukweli wote bila kuficha.

"Mishumaa," alisema Brambati, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusikia visingizio vingi lakini si hiki. "Kipima kisihamishwe, lakiri isikatwe. Nionyeshe siku nzima ya namba safi mahali palepale. La sivyo, nitaandika nilichokikuta."

Nunzia akamrudia Bi Rafilina, akamweleza. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajifunga upya mkanda wa aproni, dalili ya vita.

"Nimzimie Mama Maria taa? Katika mwezi wake?"

"Mpaka keshokutwa mchana tu."

"Hata dakika mbili sizimi."

"Tuweke zile za betri, basi. Zinawaka vizuri, hazina moshi."

"Kwani Mama Maria ni duka la simu?"

"Mwambie, Rafilì!" alipaza sauti Titina kutoka kwenye roshani ya juu, akiwa na shuka mkononi. "Betri, eti! Na sala nazo tutachaji?"

Mtaa mzima ulikuwa umeshatoka kusikiliza. Nunzia aliwatazama mmoja mmoja, watu hawa waliokuwa wakimuua kwa mapenzi. Alikuwa na hofu, na safari hii hakujali kama itaonekana.

"Bi Rafilina," alisema, "mwaka huu umempa Mama Maria ua gani?"

Hapo hapakuhitaji maelezo. Kila Mei, mkubwa kwa mdogo, mtu hujinyima kitu anachokipenda akamtolea Mama Maria. Wao hukiita fioretto, ua dogo. Mtoto huacha pipi. Gegè alikuwa ameacha kubishana juu ya mpira, na kwa mujibu wa mkewe alidumu siku nne.

"Kahawa ya pili," alijibu bibi. "Kama kila mwaka."

"Na kati ya kahawa ya pili na kumwashia mishumaa, kipi kinakuuma zaidi kukiacha?"

Pikipiki tatu zikapita. Bi Rafilina alimkodolea macho injinia wake.

"Wewe mtoto," alisema hatimaye, "mama yako alikulisha nini? Sasa umenibana. Ua lisilouma si ua." Akalifikiri tena, akageuka. "Gegè! Niletee kahawa."

"Ya ngapi, bibi?"

"Ya pili, mpumbavu we!"

Akaizima mishumaa mwenyewe, wote arobaini na mbili, kwa vidole, na kila mmoja akiutajia jina la aliyeuleta ili kule juu kusiwe na mkanganyiko. Titina alilia waziwazi.

Daktari Brambati aliwasili Ijumaa saa tano, mtu mrefu mwenye suti ya rangi ya lami na mkoba aliokuwa akiukumbatia. Gegè alimfungulia skrini: tangu Alhamisi asubuhi masizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia sitini na moja. Mtaa ukapiga vigelegele. Mkaguzi hakutabasamu.

"Wiki tatu namba zinaanguka," alisema, "halafu zinafufuka kesho yake baada ya simu yako. Injinia, ungekuwa mimi ungeamini?"

"Nisingeamini," Nunzia akakiri.

"Basi washeni mshumaa mmoja. Kama ni kweli, namba itaniambia."

Macho yote yakamwendea Bi Rafilina. Bibi akampa mkaguzi kiberiti na mshumaa.

"Mimi nimeweka ahadi, siwashi. Washa mwenyewe. Ila mshumaa hauwashwi hivi hivi, bwana. Huwashwa kwa ajili ya mtu. Huu ni wa nani?"

"Ni wa jaribio."

"Jaribio halina roho. Wa nani?"

 Brambati alikitazama kiberiti kana kwamba hajapata kukiona maishani.

"Ernesta," alisema. "Mama yangu. Tumemzika Machi."

 Titina, huko juu, akafanya ishara ya msalaba. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikashika. Mkaguzi akausimamisha mshumaa ndani ya shubaka, utambi ukatoa uzi mweusi wa moshi, uzi ukapanda. Dakika moja. Kisha namba kwenye skrini ikaanza kuteremka: sitini na moja, sitini, hamsini na tisa, ikatulia hapo.

Mtaa ukalipuka. Watu walikumbatiana, madereva wakapiga honi bila kujua kuna nini, na kutoka kwenye roshani walishangilia moshi kama watu wanaoshangilia goli. Nunzia alijikuta kamkumbatia Gegè, ambaye alikuwa analia na kukana kwamba analia.

Brambati alikuwa ameshaiweka fomu juu ya mkoba. Kwenye mstari wa uamuzi akaandika mashine ibaki, akatia sahihi. Kwenye mstari ulioulizia chanzo cha moshi alisita, akamtazama Nunzia.

"Hapa niandike nini?"

"Ukweli, Daktari."

Akaandika: *mshumaa mmoja, wa mama.*

Gegè, kwa furaha yake, alikuwa ameshainama mbele ya shubaka na kujaza mashavu hewa ili auzime, namba zirudi juu.

"Usipulize," alisema mkaguzi. "Jaribio limekwisha. Huo uacheni uishe wenyewe."