Masale ya Ndekirwa

Saa saba mchana Eliapenda anasinzia kwenye benchi la ofisi ya mji mdogo wa Sangiti, barua ya wito kaikunja kiganjani. Barua inasema barabara ya jiji itapita shambani kwake, na mwenye kaburi aje aonyeshe lilipo kabla ya saa tisa leo, mifupa ihamishwe. Lisiloonyeshwa litapitiwa na katapila. Mumewe Ndekirwa amelala katika shamba hilo mwaka wa kumi na moja sasa. Hakujengewa saruji, alipandiwa masale, mimea ya majani marefu ya kijani, kama wazee wote wa Sangiti, maana majani yale hayafi kwa jua wala kwa mbuzi. Ni masale hayo hayo watu wa huku hupanda mpakani. Bwana niongoze, anasema moyoni, kichwa kinamwangukia kifuani, na mlango wa ofisi unafunguka bila mkono wa mtu.

Anaingia, na ndani hakuna ofisi, kuna barabara ya vumbi isiyo na mwisho, na barabarani amesimama karani mwenye shati lililopigwa pasi na uso mtupu kama sahani. Shikamoo mama, anasema karani. Marahaba mwanangu, nipeleke kwa mume wangu. Karani anacheka bila mdomo, anasema hapa waume ni wengi, mama, taja alama ya kaburi. Masale, anasema Eliapenda. Basi twende mama, masale ndiyo tuliyo nayo. Wanakwenda, na mkono wa kushoto ipo Sangiti, na mkono wa kulia ipo Sangiti nyingine inayoitazama ile ya kwanza, mashine ya kusaga kwa mashine ya kusaga, kanisa kwa kanisa, na kila wanapolipita kanisa wanalikuta tena mbele, na mwanamke anayefagia mlangoni ni yeye Eliapenda, naye hainui kichwa. Kisha pande zote mbili panakuwa shamba, na shamba lote ni masale, mistari hadi kwenye mawingu. Karani anamuuliza, ni nini kinacholinda mpaka kikamwacha mwenye mpaka uchi? Eliapenda anajua. Mwaka wa pili wa ujane shemeji yake Zefania alikuwa akisogeza ua hatua kwa hatua, naye Eliapenda hakuwa na mbegu ya masale, wala jirani hakuthubutu kumpa. Basi asubuhi moja akayang'oa yote ya kaburini, akayapanda mpakani, akamwambia marehemu, naazima tu, Baba Upendo, nitarudisha. Wazee wakaja, wakayaona, Zefania akarudi kwake. Lakini masale ya mpakani hayang'olewi, ni mwiko, na mvua ikanyesha, na pale palipobaki wazi jembe likapita, mahindi mwaka huu, maharage mwaka ule, hadi udongo wote ukafanana.

Mama Upendo, sauti ya Ndekirwa inatoka chini, mahindi ya msimu huu yalikuwa matamu? Anapiga magoti, anafukua kwa vidole. Uko mstari wa ngapi, Baba Upendo, sema, katapila linakuja. Ndekirwa anacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kumtania alipounguza ugali. Unanipalilia kila mwaka, anasema, halafu unaniuliza niko wapi? Anafukua huku, sauti inatoka kule. Anafukua kule, sauti inatoka nyuma, inazidi kuwa ndogo, na mngurumo unazidi kuwa mkubwa.

Anaguswa bega. Mama, zamu yako. Yuko kwenye benchi, barua imelowa jasho, na kucha zake zina udongo, naye asubuhi alipalilia, au hakupalilia, hakumbuki. Karani amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, jua liko nyuma yake hata uso hauonekani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Taja alama ya kaburi. Eliapenda anatafuta neno jingine kifuani mwake, hana. Masale, anasema. Karani anaandika. Basi twende mama, anasema, masale ndiyo tuliyo nayo. Mbali, upande wa shambani, kitu kinanguruma. Eliapenda anasimama, anajifunga kitenge, anamfuata, akingoja aguswe bega tena.