Radhi ya Ami Mmanga

Mume wangu Amour alipofariki, nilikaa eda chumbani kwetu Mkunazini. Eda ilikuwa bado haijafika nusu pale binti yetu Ummukulthum alipojibiwa na chuo kikuu kimoja kikongwe cha Uholanzi, kilichoanza kufundisha zaidi ya miaka mia nne nyuma. Wamemkubali, na ufadhili juu. Kilichobaki ni radhi ya ami yake, Mmanga, mdogo wake Amour, ambaye sasa ndiye aliyesimama mahali pa baba. Ummu alisema bila ya radhi hiyo hapandi ndege. Namjua mwanangu, asingepanda.

Mmanga alikuja baada ya alasiri akakaa ukumbini, mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia. Ummu akamweleza. Masomo yenyewe yanachanganya udaktari, takwimu na maisha ya jamii, walimu wa idara tatu wanafundisha darasa moja. Ami yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza akimaliza ataitwa nani. Daktari? Ummu akasema si daktari hasa. Mtu wa takwimu? Si hivyo pia.

"Basi unakwenda kusomea urojo," alisema Mmanga. "Bajia humo, kachori humo, embe humo."

Siku nyingine Ummu angecheka. Mmanga akaendelea kusema kuwa huko ni mbali, mama yake yumo ndani ya eda, na hapa Unguja kuna vyuo vinavyofundisha kitu chenye jina. Hakusema kwa ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzika mmoja na hataki kuagana na mwengine. Ummu akaondoka kwenda jikoni.

Tangu mazishi nilikuwa sijasema na shemegi yangu zaidi ya salamu.

"Mmanga."

"Naam, shemegi."

"Unazikumbuka siku zile za hospitali?"

Amour aliumwa figo na moyo kwa pamoja. Daktari wa figo alimpa dawa akatupeleka kwa wa moyo, wa moyo akazibadilisha akaturejesha kwa wa figo. Walikuwa watu wema, na kila mmoja alikijua vizuri kipande chake. Lifti ilipokuwa mbovu, Mmanga ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni, ghorofa hii mpaka ile.

"Wewe ulimbeba mzima," nikamwambia. "Wao kila mmoja alimwona nusu. Huyu mtoto alikuwa amekaa pale kwenye benchi, anatazama. Hicho ndicho anachokwenda kusomea."

Nikamsikia anapenga kamasi.

"Mwite," alisema. "Anieleze tena, polepole. Kisha nimwombee dua."

Ijumaa iliyofuata, Ummu alikuwa chumbani kwangu anakunja nguo za safari. Nje, barazani chini ya dirisha letu, jirani mmoja akamuuliza Mmanga mtoto anakwenda kusomea nini. Akasema udaktari. Akajikosoa, akasema hesabu za wagonjwa. Halafu akaanza upya kabisa, na kaka yake, na lifti mbovu, na ngazi, mpaka akafika chuoni, ambako kwa maelezo yake idara zilikuwa zimeshakuwa tano.

Ummu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya mazishi. Akauliza kama amrekebishe ami yake.

"Mwache," nikamwambia, "aseme."