Hatua Mia Moja na Sitini

Mimi ni fundi wa ua. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo kazi yangu ni kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo na kuvuta seng'enge. Kwa hiyo Nehemiah aliponiita kijijini Nyacheki nizungushie vipande viwili vya shamba, sikutarajia kuulizwa maoni. Yeye ana digrii na ofisi Kisii mjini, na kwenye kikao cha ukoo hukaa na miwani ya jua usoni.

Shamba lilikuwa la marehemu baba yake. Ndugu yake Abner alifariki mwaka jana, akamwacha mkewe, Edinah, ambaye amechuma chai pale miaka kumi na moja. Sasa Nehemiah alitaka wagawane. Yeye achukue kipande cha mraba karibu na nyumba, hatua arobaini kila upande, chai tupu. Edinah apewe ule ukanda unaoshuka kutoka barabarani hadi kijitoni, urefu hatua sabini, upana kumi.

Kikaoni mzee mmoja aliuliza kama hivyo ni sawa. Nehemiah akawapeleka wazee wote kuzunguka vipande vile kandokando, wakihesabu hatua kwa sauti kama watoto wa chekechea. Huku mia moja na sitini. Kule mia moja na sitini.

"Mzingo ni ule ule," akasema. "Hesabu haina upendeleo."

Wazee wakaafiki. Watu hawa hawanunui mkungu wa ndizi sokoni Marani bila kuuinua na kuugeuza mara tatu, lakini ukiwatajia mzingo wanaitikia kama wako kanisani. Mwenyekiti wao, Jethro, akaagiza iandikwe kwamba vipande viwili ni sawa, kisha kila mmoja atie sahihi kwa chake. Nehemiah akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nikaweka mtaimbo chini, nikamwita Edinah kando. Nilimwambia kwamba kwa seng'enge ile ile nimewahi kujenga zizi la mbuzi ishirini, na pia zizi ambalo mbuzi akiingia anatoka kinyumenyume. Ua unakuambia utatembea kiasi gani ukizunguka. Haukuambii ndani kuna nini, na chai hupandwa ndani. Ukiacha hatua moja kati ya mashina, mraba una safu arobaini za mashina arobaini: elfu moja mia sita. Ukanda una safu kumi za mashina sabini: mia saba, basi.

Edinah akafuta mikono kwenye leso, akarudi kikaoni. Wazee walidhani anakwenda kulia, na mmoja alikuwa tayari ameshafungua Biblia ya kumfariji.

"Shemeji, umesema vipande hivi ni sawa?"

"Sawa kabisa, Mama Joyline. Si umeona tukizunguka?"

"Basi chukua wewe ukanda. Uko barabarani, na wewe una gari."

Nehemiah akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akaanza kueleza kwamba ukanda haufai kwa nyumba aliyopanga kujenga, kwamba Edinah amezoea kuteka maji kijitoni, kwamba mwanamke peke yake hahitaji usumbufu wa chai nyingi. Jethro akamkumbusha kwamba hesabu haina upendeleo. Hapo elimu ikamrudia yote kwa mkupuo.

"Omogaka, mzee wangu, kusema kweli hapa tulipaswa kutumia eneo. Unazidisha urefu kwa upana."

"Hilo eneo umelijua saa ngapi?" Jethro akamuuliza. "Tulipokuwa tunampa yeye ukanda, hukulitaja."

Mpaka leo sijui kama alikuwa mjinga au mwizi. Digrii inafunika yote mawili.

Jethro akaisukuma karatasi katikati ya meza. Edinah akatia sahihi kwa mraba, akaenda kuchukua kikapu chake, maana chai haingojei kikao. Nehemiah akavua miwani, akausoma tena mwandiko wake mwenyewe, polepole, akitafuta neno la kukata. Halikuwepo. Akatia sahihi kwa ukanda.